Mkesha wa Watakatifu na Hofu ya Wachawi

Mwaka jana, siku chache kabla ya sikukuu ya Watakatifu Wote, msemaji mmoja alisimama mbele yetu baada ya sala, akatuonya kwa sauti kuu juu ya desturi ya kigeni iitwayo Halloween. Alisema ni ibada ya Shetani, imeingia Bukavu kwa njia ya simu, na sasa inashuka kwetu katika bonde la Ruzizi. Mzazi atakayemwacha mtoto wake apake uso majivu na kubisha hodi milangoni jioni ya 31 Oktoba, alisema, amemtoa mtoto huyo sadaka kwa pepo. Watu waliitika. Mimi pia niliitika, maana ndivyo tufanyavyo wote msemaji anapopaza sauti. Lakini jioni yenyewe ilipofika niliona jambo ambalo limenilazimisha kushika kalamu. Napenda kumjibu yule ndugu kwa heshima, wala jina lake sitalitaja. Naona amepiga ngoma kubwa kumfukuza panya wa jirani, na chui amelala chini ya kitanda chake mwenyewe.

Nianze na jioni hiyo. Mvua ilikuwa imenyesha alasiri, na vyura wa mashamba ya mpunga walikuwa wakipiga kelele zao kama kawaida. Mimi ni mwalimu mstaafu, sina mengi ya kufanya jioni. Niliketi barazani hapa Luberizi na taa yangu ya sola na vitabu viwili vya kuogofya, ambavyo nitavitaja baadaye. Basi nikasikia hodi. Walikuwa watoto sita wa mtaa wetu, nyuso zimepakwa majivu, mmoja amevaa gunia lililotobolewa macho. Wakasema kwa pamoja, "Tupe bombo, la sivyo tutakuchokoza!" Nikawauliza wamejifunza wapi. Wakasema binamu yao yuko Marekani, ametuma picha. Jambo hilo halikunishangaza. Watu wengi wa Uvira na Fizi waliokimbilia kambi za Tanzania na Burundi wamepelekwa Marekani, na watoto wao sasa wanafanya wafanyavyo watoto wa huko. Bombo sikuwa nazo. Niliwapa karanga na vipande vya muwa, wakaondoka wakicheka.

Nikawatazama wakienda. Walibisha kwa fundi cherehani, wakapewa kitu. Walibisha kwa muuguzi, wakapewa kitu. Kisha wakafika karibu na nyumba ya mama mmoja mzee, mjane, aishiye peke yake. Mama huyo alikuwa amezisikia kelele zao tangu mbali. Ametoa viazi vitamu katika chungu, ameviweka juu ya ungo, amekaa mlangoni anawangoja. Watoto walipomwona wakafumba midomo kwa mikono, wakapita mbio.

Nilimwita mkubwa wao. "Mbona hamkubisha pale?"

"Mwalimu, pale tumekatazwa. Yule nyanya anakula watu."

"Nani amekuambia?"

"Mama. Na kwenye maombi pia walisema."

Mtoto huyo amepokea Komunyo ya kwanza. Anajua Amri Kumi kwa moyo, nami nimemsikia akizisema.

Sasa, ndugu msemaji, niambie: katika jioni ile Shetani alikuwa wapi? Alikuwa katika gunia lililotobolewa macho? Au alikuwa katika lile neno ambalo mama alimwambia mwanawe jikoni, mchana kweupe, pasipo boga wala kinyago chochote?

Msinifahamu vibaya. Siandiki kwa ajili ya kuisifu Halloween. Vinyago vya plastiki vya maiti na mifupa sivipendi, na katika nchi iliyozika watu wengi hivi naona ni mzaha mbaya kumvika mtoto sanda kwa kucheka. Na mwenye fedha ya kununua kinyago kutoka Uchina angenunua kwanza chandarua. Lakini tukitaka kulaumu jambo yatupasa tulijue, na jambo hili asili yake haiko mbali na kanisa letu kama wengi wanavyodhani. Neno Halloween ni la Kiingereza cha zamani, na maana yake ni mkesha wa watakatifu. Papa Gregori wa Tatu, aliyetawala tangu 731 hata 741, aliweka wakfu kikanisa katika basilika ya Mtakatifu Petro kwa heshima ya watakatifu wote. Mwaka 835, wakati wa Papa Gregori wa Nne, sikukuu ya tarehe 1 Novemba ikaenezwa katika ufalme wote wa Wafranki. Baadaye abati Odilo wa Cluny akaiweka siku ya marehemu tarehe 2 Novemba. Mkesha wenyewe ulikuwa siku ya kufunga. Wazee wetu wa misioni waliujua hivyo, mpaka Papa Pius wa Kumi na Mbili alipouondoa katika kalenda mwaka 1955. Waayalandi walikuwa na sikukuu yao ya kipagani ya kumaliza mavuno siku zile zile, na mambo ya kale yakajichanganya na mapya, kama yalivyojichanganya kwetu. Walichonga taa ndani ya mizizi minene kama figili. Walipohamia Marekani kwa wingi baada ya njaa kuu iliyoanza 1845, wakakuta maboga, wakaona yanachongeka vizuri zaidi.

Na huku kubisha hodi? Katika Uingereza ya Kikatoliki maskini na watoto walizunguka nyumba hadi nyumba siku za watakatifu na marehemu. Mwenye nyumba aliwapa mkate mdogo, nao wakaahidi kuwaombea marehemu wake. Sala kwa mkate! Sioni pepo katika jambo hilo. Sisi wenyewe katika Kongo tarehe 1 Agosti twaenda makaburini asubuhi kufyeka majani, na jioni twawalisha wazee walio hai. Mwenye kuujua mchana wa 1 Agosti hatashindwa kuuelewa mkesha wa 31 Oktoba.

Sasa nivitaje vile vitabu viwili, maana najua wengine watauliza mzee Mkatoliki anasoma nini usiku. Cha kwanza ni Dracula, kilichoandikwa na Bram Stoker wa Ireland mwaka 1897. Ni habari ya bwana mkubwa wa mlimani ambaye amekufa na hakufa, atokaye usiku kunyonya damu ya watu, naye auogopa msalaba. Cha pili ni cha ndugu yetu wa Unguja, Muhammed Said Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale, cha mwaka 1960. Pale maiti ya mtu inaonekana kwenye mzimu wa kale, na kila mtu anatetemeka. Lakini Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko chake, hatetemeki. Anauliza maswali. Nani alikuwa wapi? Nani apata faida? Akiisha kuuliza, mzimu hauna kosa tena. Mwenye kosa ni mtu mwenye mikono miwili. Nakipenda kitabu hicho kupita vyote vya kuogofya, kwa sababu hofu ndani yake ni mlango wa kuingilia tu, na mwishoni mnatokea kwenye akili.

Kitabu cha kuogofya kina jalada mbele na jalada nyuma. Nikichoka nakifunga, namzima Dracula kama nizimavyo taa, nalala. Hakuna jirani yangu aliyepata jeraha kwa sababu nimesoma kurasa ishirini. Lakini hadithi zetu za wachawi, zile tusimulianazo jikoni, kwenye maombi ya usiku, na katika vibanda vya video vinavyoonyesha filamu za Nigeria, hizo hazina jalada. Haziishii “hapo zamani za kale.” Zinatafuta mlango wa mtu aliye hai. Na mlango huo, angalieni, karibu kila mara ni wa mjane, wa mama asiye na mtoto wa kumtetea, wa mzee mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni alizopikia miaka sitini.

Mwezi wa Septemba 2021, katika mkoa wetu huu wa Kivu ya Kusini, wanawake wanane walichomwa moto au kupigwa hata kufa kwa neno hilo moja, uchawi. Wanane, katika mwezi mmoja. Wengi walikuwa wamenyoshewa kidole na watu wajiitao waombaji na manabii, ambao husema wana jicho la kuwaona wachawi. Je, mwezi ule msemaji wetu alipiga ngoma gani? Mimi mwenyewe nilipiga ipi? Sikumbuki kuwa nilisema lolote. Ndiyo sababu sina haki ya kuandika habari hii kana kwamba nimesimama juu ya mlima.

Wengine watasema, “Mwalimu, wewe umesoma vitabu vya wazungu, hujui, karuho ipo, watu wanakufa.” Haya, na tuseme juu ya kufa. Mimi nimeishi bonde hili tangu utoto na nimezika watoto wengi, wa kwangu na wa wengine. Natazama namna wanavyokufa. Mtoto ni mzima Jumatatu. Jumanne ana homa. Jumatano anageuza macho, anakakamaa, anatupa miguu, anasema maneno yasiyoeleweka. Watu wanasema pepo amemwingia. Au hana degedege, bali anapauka: viganja vyeupe, midomo myeupe, ndani ya kope pameupe. Watu wanasema damu yake imenyonywa usiku. Na hapo ndipo wanapoanza kuulizana ni nani aliyempa mtoto kiazi siku ile.

Damu yake imenyonywa kweli! Watu hawakosei kabisa. Ila mnyonyaji ana mabawa na miguu sita. Ni mbu jike, yule wa malaria, atokaye jua linapozama. Damu anayofyonza ni chache. Ubaya ni kile anachoacha nyuma, mdudu mdogo asiyeonekana, azaliaye ndani ya chembe nyekundu za damu na kuzipasua kwa maelfu na maelfu mpaka mtoto anapauka. Mdudu huyo akifika ubongoni, ndiyo degedege, ndiyo maneno yasiyoeleweka. Maji ya mpunga wetu ni chumba chake cha kulelea watoto. Kongo ni nchi ya pili duniani kwa wingi wa malaria, baada ya Nigeria. Mtoto aliyepauka anahitaji dawa na pengine damu ya kuongezewa, na anaihitaji leo, wala si baada ya usiku tatu za maombi ya kumtafuta mchawi. Kila usiku tunaomtafuta mchawi ni usiku tunaompa mbu. Bwana Msa angekuja Luberizi, nadhani angeuliza kwanza chandarua kiko wapi, na angekikuta shambani, kimefunika miche ya nyanya.

Na tusidhani kwamba hofu ya namna hii itatuheshimu sisi Wakatoliki. Miaka ya 1930 huko Rhodesia ya Kaskazini, nchi iitwayo leo Zambia, watu waliwashuku Mapadri Weupe kwamba wao ndio wanyonya damu. Mapadri wale wale waliowapa dawa na kuwafundisha kusoma! Nairobi na Kampala waliwashuku wazimamoto. Pwani walikuwa na habari za mumiani. Mtu aliyekuwa mgeni, aliyekuwa peke yake, aliyekuwa na kitu kisichoeleweka, alitosha. Leo ni yule mjane. Kesho ni katekista aliyenunua pikipiki.

Kanisa limepita njia hii zamani, na si kwa utukufu. Huko Ulaya, katika karne za 15 hata 18, watu kama elfu arobaini au hamsini waliuawa kwa hukumu za uchawi, Wakatoliki na Waprotestanti wakishindana katika jambo hilo kama wanavyoshindana leo kwa vipaza sauti. Padri mmoja Mjezuiti wa Ujerumani, Friedrich Spee, aliwaungamisha wanawake waliohukumiwa. Mwaka 1631 akatoa kitabu kwa Kilatini pasipo kutia jina lake, maana kusema wazi kulikuwa hatari. Alionyesha kwamba wanawake wale walikiri kwa sababu ya mateso tu, na kwamba kwa mateso yale yale angeweza kukiri hakimu mwenyewe, naye padri pia. Natamani kila mwenye kuongoza maombi ya usiku katika bonde hili ajue habari za Padri Spee.

Kwa upande wa serikali, neno lipo tayari. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kuwa ni mchawi, na sheria ya 10 Januari 2009 ya kulinda watoto inaweka adhabu ya kifungo. Lakini nani kati yetu amewahi kusoma sheria hiyo katika mkutano wa shirika? Tunasoma orodha ya michango.

Katika Injili ya Mtakatifu Luka, baada ya ufufuko, mitume walimwona Bwana wetu Yezu Kristu amesimama kati yao, wakaogopa, wakadhani wameona mzimu. Hakuwakemea kwa kelele, wala hakufanya sala ndefu ya kufukuza. Aliwaonyesha mikono na miguu yake, kisha akaomba chakula. Wakampa samaki wa kuoka, akala mbele yao. Hofu yao aliitibu kwa kula. Sasa tazameni jambo tunalowafundisha watoto wetu: wasipokee chakula cha mama mzee. Tumeigeuza dawa ya Bwana kuwa sumu, na tunasema tunafanya hivyo kwa jina lake.

Nami nasema jambo ambalo litawaudhi wengine. Katika miji ile ya Marekani, ambayo tunaihukumu kuwa imepotea, jioni hiyo moja ya mwaka watoto wanabisha mlango wa mtu wasiyemjua, wamevaa mavazi ya wachawi, na mwenye nyumba anawapa kitu, nao wanakula. Kwetu jioni zote za mwaka watoto wamevaa nguo za kawaida, na kuna mlango hawaubishi. Basi nani kati yetu anayeishi katika usiku wa wachawi?

Kama ni kuogopa, sisi wa bonde hili hatuna haja ya kukodi filamu. Tarehe 2 Julai 2010 lori la petroli lilipinduka Sange, likawaka, likaua watu zaidi ya 200, wengi wao wakiwa wamekaa kutazama mpira wa Kombe la Dunia. Usiku wa 6 Juni 2014 huko Mutarule, si mbali nasi, watu zaidi ya 30 waliuawa, wengine wakiwa katika sala. Februari 2025 Bukavu iliangukia mikononi mwa M23. Katika mambo hayo yote sikumwona mjane yeyote juu ya ungo. Niliona petroli, niliona bunduki, niliona watu wenye mikono miwili. Labda ndiyo sababu twampenda mchawi: mwenye bunduki hatumwezi, mjane tunamweza.

Na tukitaka kujua mkesha huu ni wa nini hasa, twende karibu tu. Tarehe 28 Novemba 1964 huko Baraka waliuawa Bruda Vittorio Faccin na Padri Luigi Carrara, Waksaveri. Padri Carrara alipoona ndugu yake ameanguka alikataa kumwacha. Siku hiyo hiyo huko Fizi waliuawa Padri Giovanni Didonè na Padri Albert Joubert, mzaliwa wa nchi yetu. Tarehe 18 Agosti 2024 walitangazwa wenye heri, na si Roma mbali, ni Uvira. Tena Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa kwa risasi Bukavu tarehe 29 Oktoba 1996, siku mbili kabla ya mkesha. Watu hawa walikuwa na sababu zote za kufunga mlango, nao hawakuufunga. Watoto wetu wanajua majina ya wachawi wa filamu za Nigeria. Waulizeni majina ya hawa wanne wa Baraka na Fizi.

Kwa hiyo mwaka huu, ndugu msemaji, sitawakataza wale watoto sita. Majivu wapake wakitaka, gunia walivae. Nimesema na wazazi wao, wawili wamekubali, mmoja amekasirika nami na hajanisalimu tangu wiki iliyopita, nitarudi kwake. Watoto watajifunza majina manne, na katika kila nyumba watauliza jina la marehemu wa kuombewa kabla ya kupokea kitu. Nimekwenda pia kwa mama mzee. Nilimkuta anapepeta mchele. Nilipomweleza alinyamaza sana, kisha akaniuliza kama viazi vitatosha au atafute na karanga. Nikamwambia viazi vinatosha, mimi nitakula cha kwanza mbele yao. Tutaanzia kwake, saa kumi na moja na nusu, maana giza likiingia njia si salama, na mbu wanatoka.